Wanawake wa Bengal dhidi ya mfumo dume katika hadithi fupi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wanaokutana na hadithi hizi kwa mara ya kwanza, darasani au kwenye vikundi vya usomaji, huuliza karibu maswali yale yale. Nimeyakusanya hapa. Mengine yana jibu refu, mengine yanatosheka na mistari michache.

Bengal ni wapi, na waandishi hawa ni wa nchi gani?

Bengal ni nchi ya mito: ni delta ya Ganges na Brahmaputra, mashariki mwa Bara Hindi. India ilipogawanywa mwaka 1947, upande wa magharibi wenye mji wa Kolkata ulibaki India. Upande wa mashariki wenye Dhaka ukawa sehemu ya Pakistan, na baada ya vita vya 1971 ukawa Bangladesh. Lugha imebaki moja, Kibengali, yenye wasemaji zaidi ya milioni 200.

Kwa hiyo uraia wa waandishi hawa hauendi sambamba na ramani ya leo. Rokeya Sakhawat Hossain alizaliwa Rangpur, iliyoko Bangladesh ya sasa, akajenga shule yake Kolkata na kufia huko huko. Mahasweta Devi alizaliwa Dhaka lakini kazi yake yote ya uandishi aliifanya India. Jambo jingine linalowachanganya wasomaji: "Devi" si jina la ukoo. Ni neno la heshima walilopewa wanawake wa Kihindu, kwa hiyo Ashapurna Devi na Mahasweta Devi hawana udugu wowote.

Mfumo dume wanaoupinga una sura gani hasa?

Usimtafute mwanaume mmoja katili mwenye bakora. Yupo katika baadhi ya hadithi, lakini si yeye anayeibeba nyumba. Nyumba inabebwa na kanuni.

Katika familia za Kihindu za tabaka la juu, msichana aliozwa kabla hajavunja ungo, mara nyingi kwa mwanaume aliyemzidi umri kwa mbali. Mume akifa, mjane alivuliwa bangili, akafutwa rangi nyekundu ya utosini na kuvishwa sari nyeupe. Alikatazwa nyama, samaki na vitunguu, na siku ya ekadashi, ambayo huja mara mbili kwa mwezi wa mwandamo, alifunga hata maji. Hali hiyo ilimshika hata mtoto wa miaka kumi na miwili, na haikuwa na mwisho kama eda. Tangu 1856 sheria ilimruhusu mjane kuolewa tena, kwa juhudi za mwanazuoni Ishwar Chandra Vidyasagar, lakini waliothubutu walikuwa wachache, maana majirani hawakusubiri sheria ili kusema.

Katika familia za Kiislamu zenye uwezo palikuwa na utawa, yaani kuwaweka wanawake ndani wasionwe na wanaume wa nje. Msomaji wa Lamu au wa Mji Mkongwe hahitaji kuelezwa utawa ni nini, ila wa Bengal ulivuka mpaka. Rokeya aliandika kwamba tangu akiwa na miaka mitano alitakiwa kujificha hata mbele ya wanawake waliokuwa wageni nyumbani.

Kisha kuna mahari, na hapa msomaji wa Afrika Mashariki inambidi ageuze kichwa chake: huko mali hutoka kwa wazazi wa binti kwenda kwa bwana harusi. India ilipiga marufuku desturi hiyo mwaka 1961, Bangladesh mwaka 1980, na bado inaendelea. Imeingia hata kwa Waislamu, ambao dini yao inamtaka mume ndiye atoe. Juu ya hayo yote kuna lile sharti la kuzaa mtoto wa kiume.

Kwa nini hadithi fupi? Kwani hawaandiki riwaya?

Wanaandika, tena nyingi. Lakini Bengal ina magazeti na majarida yenye njaa isiyoisha ya hadithi. Kila msimu wa sikukuu ya Durga, majarida ya Kolkata hutoa matoleo maalumu manene yaliyojaa hadithi mpya. Wanawake waliingia mapema katika kazi hiyo. Swarnakumari Devi, dada yake mshairi Tagore, alikuwa mhariri wa jarida la *Bharati* tangu 1884. Mwaka 1947 likazaliwa Kolkata jarida la wanawake liitwalo *Begum*, mhariri wake wa kwanza akiwa mshairi Sufia Kamal. Mwaka 1950 lilihamia Dhaka, na kwa miongo mingi likawa mlango wa kwanza kwa waandishi wanawake wa huko.

Sababu nyingine ninaiona nzito zaidi. Riwaya ikimwonyesha mke akikataa, inalazimika kutuambia atalala wapi usiku huo, atakula nini kesho, na watoto watabaki na nani. Hadithi fupi ina ruhusa ya kukoma pale pale neno la kukataa linapotoka mdomoni. Kwa jamii ambayo mwanamke aliyeondoka hakuwa na pa kwenda, ruhusa hiyo ilikuwa na thamani kubwa.

Nani alianza?

Wa kwanza kabisa hakuandika hadithi fupi. Rassundari Devi, mke wa nyumbani kijijini, alijifunza kusoma kwa siri jikoni kwa kutumia ukurasa aliouchomoa kwenye kitabu cha dini, na mwaka 1876 akachapisha tawasifu yake. Nyuma ya hadithi zote zitakazotajwa hapa kuna jiko lile na ukurasa ule uliofichwa.

Katika hadithi yenyewe, jina la kuanzia ni Rokeya (1880–1932). Baba yake hakutaka mabinti wasome Kibengali wala Kiingereza, na kaka yake Ibrahim alimfundisha usiku, wengine wakiwa wamelala. Aliolewa akiwa kijana na Sakhawat Hossain, afisa wa serikali mjane na mtu mzima kwake, ambaye kinyume na matarajio alimhimiza asome na aandike. Mwaka 1905, jarida moja la Madras lilichapisha hadithi yake fupi aliyoiandika kwa Kiingereza, *Sultana's Dream*.

Ni ndoto. Sultana anatembezwa katika nchi ambako wanaume ndio waliowekwa utawani na wanawake ndio wanaoendesha dola. Hakuna polisi kwa sababu hakuna uhalifu, na kazi za ofisini huchukua saa mbili kwa siku. Sultana anashangaa: mbona wanaume wa kwao hufanya kazi saa saba? Mwenyeji wake anamwambia hawafanyi kazi, wanavuta sigara. Anampigia hesabu: sigara moja inachukua nusu saa, mtu akivuta kumi na mbili kwa siku, saa sita zimekwenda na moshi.

Mzaha huo umebeba hoja nzito. Nchi hiyo haikutwaliwa kwa mapanga. Vyuo vikuu vya wanawake vilikuwa vimevumbua namna ya kuvuna maji mawinguni na joto la jua, huku wanaume wakijishughulisha na jeshi na kuwacheka. Jeshi liliposhindwa vitani, mkuu wa chuo akatoka na wanafunzi wake elfu mbili, wakawaelekezea maadui miale ya jua, na maadui wakakimbia. Wanaume walikuwa wamekwisha kuingizwa ndani kabla ya mapigano, kwa heshima ya utawa. Hawakutoka tena.

Inasimuliwa kwamba mumewe aliisoma akiwa amesimama, akamaliza na kusema kuwa ni kisasi cha kutisha.

Je, Rokeya alipinga dini yake?

Hapana. Yeye mwenyewe alijisitiri maisha yake yote, na shule aliyoifungua Kolkata mwaka 1911 isingepata mwanafunzi hata mmoja wa Kiislamu kama angefanya vinginevyo. Alitenganisha stara na kifungo. Kitabu chake *Abarodhbasini* cha 1931 ni mkusanyiko wa visa vifupi 47 kuhusu kifungo hicho, vingine vya kuchekesha, vingine havichekeshi hata kidogo. Katika kimoja, mwanamke aliyejifunika anajikwaa na kuanguka kati ya treni na jukwaa la stesheni. Wapagazi wanataka kumwinua, lakini mjakazi wake anapiga kelele kwamba mwanaume yeyote asimguse bibi. Anajaribu kumvuta peke yake, hawezi. Treni inaondoka.

 Angalia jinsi visa kama hiki vinavyomweka mwanamke mwingine mlangoni kama askari.

Mbona mama mkwe ndiye anayeonekana adui, na si mume?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu ndipo waandishi hawa walipowaacha wanaume waandishi nyuma.

Chukua *Chhinnamasta* ya Ashapurna Devi. Jina ni la mungu wa kike wa Kihindu anayejikata kichwa mwenyewe na kunywa damu yake. Jayabati ni mjane aliyemlea mwanawe wa pekee. Mwana anaoa, na mke mchanga anamnyang'anya mama mwana, kisha nyumba, kisha heshima. Mama hana mali wala mume, nguvu yake yote ilikuwa mapenzi ya mwanawe, na sasa yamehama. Kisha mwana anakufa kwa ajali. Mkamwana anageuka mjane, anaingia katika sari nyeupe na chakula kisicho na samaki, na Jayabati anajikuta tena ndiye mkubwa wa jiko. Ameshinda. Ashapurna anatuacha tumtazame mama aliyeshinda kwa kichwa cha mwanawe, naye hamkemei wala hamtetei. Sijui hadithi nyingi zinazoeleza kwa ukali namna hii jinsi mfumo dume unavyofanya kazi pasipo mwanaume chumbani.

Sasa iweke kando ya *Motijaner Meyera*, yaani mabinti wa Motijan, ya Selina Hossain wa Bangladesh, aliyezaliwa 1947. Motijan ameolewa, na baba yake ameshindwa kumaliza mahari aliyoahidi: saa na baiskeli. Mama mkwe Gulnur, ambaye mwenyewe alifiwa na mume mapema na kuitawala nyumba kwa mkono wa chuma, anamnyima chakula na kumpiga. Mume yupo, lakini ni kivuli. Mtoto hapatikani, kelele zinazidi. Kisha Motijan anazaa binti, halafu binti wa pili. Gulnur anatangaza mbele ya watu kwamba mkwe asiyezaa mtoto wa kiume hafai, mwanawe ataoa mwingine. Motijan anacheka, na kuwaambia kwamba angemtegemea mwana wa Gulnur, hata hao mabinti wawili asingewapata.

Hadithi inakomea karibu hapo. Kama kuna mfano wa ile ruhusa ya hadithi fupi niliyoitaja, ni huu. Gulnur amejenga utawala wake wote juu ya uzao wa mwanawe, na Motijan anabomoa msingi huo kwa kitu kile kile kilichotumika kumdhalilisha: tumbo lake.

Ashapurna hakusoma shule. Ni kweli?

Ni kweli. Alizaliwa Kolkata mwaka 1909 katika nyumba ambayo bibi yake hakuruhusu wasichana kwenda shule. Alijifunza herufi akiwa ameketi upande wa pili wa kaka zake walipokuwa wakisoma, ndiyo maana inasemwa alianza kwa kusoma herufi zilizopinduka. Akiwa na miaka kumi na tatu alituma shairi kwa jarida la watoto, likachapishwa. Mwaka 1976 alipewa Tuzo ya Jnanpith, tuzo kubwa ya fasihi ya India, akiwa mwanamke wa kwanza kuipata. Hadithi fupi alizoandika zinapita elfu moja.

Wanawake wa Ashapurna karibu kamwe hawaondoki nyumbani. Huo ni upinzani kweli?

Wapo wahakiki wanaosema hapana, kwamba anawaonyesha wanawake wakivumilia tu. Siafikiani nao. Wahusika wake wanajua kila mtu nyumbani anataka kusikia nini, nao wanampa. Baba mkwe anapewa utii, mume anapewa upole, mzazi anapewa hakikisho kwamba binti yake ana furaha. Katika *Abhinetri*, yaani mwigizaji wa kike, mke anabadilisha sauti chumba kwa chumba, na msomaji anabaki akijiuliza nani hasa anamchezea nani. Ni ujanja wa mnyonge, na hauangushi ukuta. Lakini msomaji akishaona kwamba utii ule ni maigizo, hawezi tena kuamini utii wowote ndani ya nyumba ile, na jambo hilo si dogo kwa mfumo unaojisifu kwamba wanawake wake wameridhika.

Ninachomlaumu Ashapurna ni kingine: vijakazi wake mara nyingi hupita nyuma ya pazia bila sauti. Kwa hao, mtafute Mahasweta.

Kwa mtu asiye na muda, hadithi moja ya kuanza nayo?

*Radha Will Not Cook Today* ya Purabi Basu, mwandishi wa Bangladesh aliyezaliwa 1949, ambaye kwa taaluma ni mwanasayansi. Kurasa zake ni chache. Mke wa kijijini aitwaye Radha anaamka asubuhi na kuamua kwamba leo hatapika. Hakuna ugomvi uliotangulia, wala sababu anayoitoa. Mama mkwe anapiga kelele, mume ana haraka ya kwenda kazini, wote wana njaa, na Radha anakwenda kukaa kando ya bwawa.

Wanafunzi huniuliza: amekosewa nini? Hakuna kilichotajwa, na humo ndimo nguvu ya hadithi. Angekuwa amepigwa jana, tungemhurumia na kusema ana haki. Basu anatunyima urahisi huo. Radha hataki, basi, na kutotaka kwake kunatosha. Jaribio pekee la kweli linakuja mwanawe mdogo anapolia njaa. Radha hapiki hata hapo: anampakata na kumpa titi, ingawa mtoto amekwisha kupita umri wa kunyonya, na maziwa yanatoka. Wengine huona mwisho huo umerudisha mwanamke kwenye umama. Mimi naona amekataa kazi bila kumkataa mtoto, na nyumba nyingi hufanya makusudi kuvichanganya viwili hivyo.

Nimesikia kuhusu "Draupadi". Kwa nini inatajwa kila mahali?

Kwanza unahitaji kisa cha kale. Katika utenzi mkuu wa Kihindu wa *Mahabharata*, Draupadi ni mke wa ndugu watano wa Pandava. Mume mmoja anamweka rehani kwenye mchezo wa kamari na kushindwa. Adui anamburuta mbele ya baraza na kuanza kumvua sari, lakini mungu Krishna anaifanya nguo isiyo na mwisho: wanavuta, inazidi kuja, heshima yake inabaki.

Mahasweta Devi (1926–2016) aliichukua hadithi hiyo na kuitupa msituni. Dopdi Mejhen, kama kabila lake la Wasantal wanavyolitamka jina hilo, ni kibarua wa mashambani aliyejiunga na wapiganaji wa vuguvugu la Naxalbari, uasi wa wakulima uliozuka kaskazini mwa Bengal Magharibi mwaka 1967. Mwenye shamba mmoja alikuwa amehodhi maji ya visima wakati wa ukame, akauawa. Mume wa Dopdi ameuawa na askari. Dopdi anawindwa. Kiongozi wa msako ni Senanayak, afisa msomi anayejivunia kumwelewa adui yake kwa kusoma vitabu vyake. Dopdi akikamatwa, Senanayak anatoa amri fupi yenye maneno ya kiofisi, na kwenda zake kula. Usiku kucha askari wanambaka.

Asubuhi anaitwa kwa afisa, analetewa nguo na maji. Anamwaga maji, anairarua nguo kwa meno, na kutoka uchi mchana kweupe, akiwa na damu na majeraha, mpaka mbele ya Senanayak. Anamuuliza nguo ya nini: waliweza kumvua, wataweza vipi kumvika tena? Anasema haoni mwanaume pale wa kumwonea haya. Kisha anamsukuma kwa matiti yake yaliyoraruliwa, na afisa, kwa mara ya kwanza maishani, anaogopa kusimama mbele ya adui asiye na silaha.

Hakuna Krishna wa kuja na nguo. Mfumo mzima wa kumwaibisha mwanamke unategemea kwamba yeye mwenyewe atajifunika. Dopdi anakataa kuibeba aibu ya waliomtenda, na silaha inabaki haina risasi. Hadithi ilitoka katika kitabu cha 1978, na mwaka 1981 msomi Gayatri Chakravorty Spivak akaitafsiri kwa Kiingereza, ndipo ikaenea vyuoni duniani.

Je, imewahi kuwa na athari nje ya vitabu?

Mwaka 2000, kule Manipur, jimbo la kaskazini-mashariki mwa India, mwongozaji Kanhailal aliigeuza tamthilia, na mwigizaji Sabitri Heisnam akasimama jukwaani uchi katika onyesho la mwisho. Walishutumiwa sana. Miaka minne baadaye, Julai 2004, wanawake kumi na wawili wa mji wa Imphal walivua nguo mbele ya lango la kambi ya jeshi, baada ya mwanamke aliyekamatwa na askari kukutwa ameuawa. Sisemi walikuwa wakiiga tamthilia. Wanawake wa sehemu nyingi wameijua silaha hiyo bila kufundishwa, wakiwemo akina mama wa wafungwa wa kisiasa waliovua nguo mbele ya polisi Uhuru Park, Nairobi, mwaka 1992.

Agosti 2021, Chuo Kikuu cha Delhi kiliiondoa "Draupadi" kwenye mtaala wake wa Kiingereza, pamoja na kazi za Bama na Sukirtharani, waandishi wawili wa Kitamil wa jamii ya Dalit, wale waliohesabiwa kuwa chini ya matabaka yote. Miaka zaidi ya arobaini baada ya kuchapishwa, bado kulikuwa na watu waliotaka isisomwe.

Wahusika wa Mahasweta hushinda daima?

La hasha. Katika *Stanadayini*, yaani mnyonyeshaji, Jashoda ni mke wa Brahmini (mtu wa tabaka la makuhani) maskini; mume huyo amesagwa miguu na gari lililoendeshwa na mwana wa tajiri. Nyumba ya tajiri inatoa fidia ya namna yake: Jashoda aajiriwe kunyonyesha wajukuu wa nyumba hiyo, ili wakaza mwana waendelee kuzaa bila kuharibu maumbo yao. Ili maziwa yasikauke, Jashoda naye anazaa bila kupumzika, watoto ishirini. Anaheshimiwa kama mama wa ulimwengu, anaamini sifa hizo, na anakufa peke yake hospitalini kwa saratani ya matiti, hakuna hata mmoja wa aliowanyonyesha anayekuja kuuchukua mwili.

Hakuna upinzani ndani ya Jashoda. Upinzani uko katika sauti ya msimulizi, ambayo ni ya kejeli kali kupita kiasi. Ndiyo maana huishauri isomwe pamoja na *Rudali* ya 1979, ambamo Sanichari, aliyeshindwa kulia hata walipokufa watu wake mwenyewe, anageuza kilio kuwa ajira: matajiri wanataka waombolezaji wa kukodi, basi walipe, na bei yake ipande kadiri wanavyotaka kilio kiwe kikubwa.

Yupo pia Mary Oraon wa hadithi ya *Shikar*, anayemuua kwa panga mkandarasi wa mbao anayemsumbua, siku ya sikukuu ambayo wanawake huwinda badala ya wanaume, mara moja kila miaka kumi na miwili.

Mahasweta alikuwa mfeministi?

Hakulipenda jina hilo. Alisema anaandika kuhusu wanaonyonywa, na mwanamke maskini ananyonywa kama maskini kwanza. Unaweza kumkubali au kumkatalia, lakini jihadhari usimfanye Dopdi kuwa "mwanamke" tu: angekuwa mke wa Senanayak asingekutwa na yale.

Kwani wanaume Wabengali hawakuandika kuhusu haya?

Waliandika, tena vizuri. Tagore alichapisha *Streer Patra* mwaka 1914, barua ya mke aitwaye Mrinal anayemwambia mumewe kwamba harudi tena nyumbani kwake baada ya miaka kumi na mitano ya ndoa. Anaandika akiwa Puri, kando ya bahari. Ni hadithi nzuri, na iliwakasirisha wengi. Lakini ilinganishe na Motijan au Radha, ambao hawana bahari ya kwenda wala fasaha ya kuandika barua ndefu. Wao wanakataa wakiwa wamesimama uani, mama mkwe akiwa hatua tatu mbele yao.

Kuna tofauti kati ya hadithi za India na za Bangladesh?

Ipo. Upande wa India mjane na ukoo mkubwa wa Kihindu vilitawala kwa muda mrefu, halafu yakaja matabaka na watu wa msituni. Upande wa Bangladesh kuna kijiji, mahari, talaka, uke wenza, na kivuli cha 1971: serikali ya huko imekuwa ikitaja idadi ya wanawake 200,000 waliobakwa vitani, ambao walipewa jina la heshima la mashujaa kisha familia nyingi zikawafungia mlango. Kwa upande wa mgawanyiko wa 1947, msome Jyotirmoyee Devi, ambaye hakuchoka kuuliza kwa nini mwanamke aliyetekwa katika ghasia zile ndiye anayeonwa najisi.

Ninaweza kuzifundisha sekondari?

Ndoto ya Rokeya na Radha zinafaa hata kidato cha pili. Ndoto ya Rokeya haihitaji tafsiri ya kati kwa anayesoma Kiingereza, kwani ndicho alichoiandikia. Nyingine nyingi utazipata katika tafsiri za Kiingereza, hasa vitabu vya Mahasweta vilivyotolewa na kampuni ya uchapishaji ya Seagull ya Kolkata. Motijan ipeleke kidato cha tano na sita, na uwaulize wanafunzi kwanza mahari hutoka upande gani kabla hujawaambia. "Draupadi" iache kwa wakubwa. Waeleze mapema kilichomo ili anayetaka kutoka atoke, na anza na mchezo wa kamari wa *Mahabharata*, la sivyo mwisho wake hautashika. *Stanadayini* ni ndefu na kejeli yake ni nzito, igawe vipindi viwili.